Kuvuka Ukambani kwa gari: Hesabu vituo, usihesabu kilomita

Mtu akiniuliza safari ya gari kutoka Mombasa hadi Isiolo au Moyale huchukua saa ngapi, humuuliza kwanza atalala wapi, atakula wapi na atajaza mafuta wapi. Akishindwa kujibu hayo, idadi ya saa haitamfaa kitu. Safari ndefu ya barabarani hupangwa kwa vituo. Kilomita ni za kuhesabia mafuta.

Nayasema haya nikiwafikiria wasafiri wa likizo: familia zinazotoka Pwani kwenda kuwaona jamaa Meru, marafiki wanaochanga pesa ili wavuke nchi kutoka Bahari Hindi hadi mpaka wa Ethiopia, na Wakamba wenyewe wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Kwa miaka mingi, mtu wa Mombasa aliyetaka kwenda Embu, Meru au Isiolo kwa lami hakuwa na budi kuzunguka kupitia Nairobi. Alipanda na Barabara Kuu ya Mombasa hadi Mlolongo, akakwama kwenye msongamano, akavuka jiji na kutokea upande wa Thika akiwa amechoka kabla ya nusu ya safari. Leo ipo njia ya pili, nayo inapita Ukambani, katikati ya Makueni na Kitui.

Unaiacha barabara kuu Kibwezi, kaunti ya Makueni. Unavuka Mto Athi, unaingia kaunti ya Kitui, unapita Ikutha, Mutomo na Ikanga hadi mji wa Kitui. Kutoka hapo lami inaendelea Kabati na Migwani hadi Mbondoni, upande wa Mwingi, ilipo barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa. Mradi huo wote, uliojengwa na kampuni ya Sinohydro ya China, una urefu wa kilomita 192. Kabla ya lami, kipande cha Kibwezi hadi Mutomo kilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na wenye magari madogo walikiogopa. Sasa mtu akishafika upande wa Mwingi anaweza kurudi nyuma kidogo hadi Kangonde, akashika njia ya Kiritiri hadi Embu, kisha Meru na Isiolo. Kutoka Isiolo, lami inayopita Marsabit humfikisha Moyale. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na Nairobi huioni kabisa.

Njia ya kupitia Kitui kwenda Pwani si ngeni. Karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa safari ndefu kati ya bara na bahari. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Aliyevuma kuliko wengine ni Kivoi Mwendwa wa Kitui. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwishoni mwa 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa papo hapo Kitui, akauona Mlima Kenya. Kivoi ndiye aliyemsimulia habari za mlima wenyewe, kwa sababu biashara ilimfikisha mbali kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, na safari hii wakafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipoyafikia maji ya Tana hakuwa na chombo cha kuchotea. Akajaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake, kisha akayajaza kwenye mitutu ya bunduki na kuiziba kwa majani, akaanza kurudi kwa miguu. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu cha safari zake. Mtu aliyeanza safari na wapagazi na vyakula alijikuta hana hata kibuyu, kwa kuwa kila kitu kilibebwa na wengine, na wengine wakatoweka. Nakikumbuka kisa hicho kila ninapoliona gari la familia limeegeshwa kando ya barabara, boneti wazi, watoto wamejificha kivulini na hakuna tone la maji ndani ya gari. Joto la Kibwezi na Ikutha halijapungua tangu siku za Krapf. Kila aliye garini awe na maji yake ya kunywa, na dumu la lita 20 liwe nyuma, la gari na la watu.

Waliokuja baada ya Kivoi walifuata maji vilevile. Vilima vya Chyulu, upande wa kusini mwa barabara kuu, ni volkano changa. Mvua ikinyesha juu yake haitiririki kwa mito. Hupenya kwenye miamba yenye matundu, ikashuka ardhini, ikaja kuibuka mbali kama chemchemi: Umani kule Kibwezi, chemchemi za Makindu na Kiboko, na Mzima iliyo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambayo maji yake hupelekwa Mombasa kwa bomba. Ukiitazama ramani ya Makueni utaona miji ya barabara kuu imefuata mstari wa chemchemi hizo. Wamishonari Waskoti walipiga kambi Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawaandama, na 1898 misheni yao ikahamia Kikuyu. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imefungua njia ya mikokoteni kutoka Mombasa hadi hapo Kibwezi, na Kapteni Sclater akaja kuiendeleza kuelekea Busia. Kisha reli ikaja. Injini za mvuke zilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kituo kikawekwa palipokuwa na maji. Hata Sultan Hamud ulizaliwa na reli: umepewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetembelea mahali hapo reli ilipokuwa ikijengwa.

Kwa hiyo anayepanga safari leo asione Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei kuwa ni vibanda tu vinavyopita dirishani. Vituo hivyo vilichaguliwa na watu waliojua kwamba mbele ni pakavu. Kutoka Nairobi, Emali iko kwenye kilomita 125 hivi, Makindu 170, Kibwezi karibu 200 na Mtito Andei karibu 240, ambapo ndipo katikati ya safari ya Mombasa. Baada ya Mtito Andei unaingia kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na hakuna mji wa maana hadi Voi. Atokaye Mombasa ahesabu kwa kurudi nyuma: Mariakani, Voi, Mtito Andei, halafu Kibwezi, ambako ataamua ama kupinda kulia kwenda Kitui ama kunyoosha.

Makindu inastahili maneno zaidi. Hekalu la Masingasinga lililoko hapo, kando ya barabara, lilijengwa mwaka 1926, na mizizi yake ni mafundi wa Kihindi walioletwa kujenga na kuendesha reli. Hadi leo msafiri yeyote anakaribishwa kula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, na kama huna utapewa. Unanawa mikono, unakaa na wengine na kupakuliwa chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa. Nyama, pombe na sigara haviingii. Hakuna anayekuuliza dini yako wala kabila lako, na hakuna bili. Lipo sanduku la sadaka kwa anayetaka kuchangia, na vipo vyumba vya kulala wageni. Nimeona dereva wa trela, mama mwenye mtoto mgongoni na mtalii kutoka Uingereza wakila meza moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo kituo bora kuliko vyote kati ya Nairobi na Mombasa, na sababu si chakula pekee. Mtu hutoka pale akiwa ametulia, na dereva aliyetulia huendesha vizuri.

Barabara kuu yenyewe inataka utulivu huo. Ukishapita Kyumvi, penye njia panda ya Machakos, unabaki na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ndani yake yamo matrela ya makontena ya Mombasa, mabasi, magari ya kibinafsi na bodaboda. Sheria inayaruhusu magari ya kibinafsi kwenda kasi kuliko mabasi, matatu na malori, ambayo kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa. Anayepanga safari kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa anajidanganya. Kwenye miinuko ya Salama na Sultan Hamud trela lililobeba mzigo hupanda polepole, nyuma yake hujipanga magari 10 au 15, na kila dereva anachungulia nafasi ya kupita. Hapo ndipo watu wengi hufa: mmoja amechoka kusubiri, anatoka upande wa pili mahali penye kona au mlima, na mbele linamjia basi. Mimi hukadiria kilomita 60 kwa saa, na nikifika mapema hufurahi. Anayekadiria 60 hana sababu ya kumpita mtu kwenye kona.

Kuna ishara moja ambayo vitabu vya shule za udereva haviitilii maanani, na kila dereva wa njia hii anaijua. Ukiona matawi mabichi ya miti yametupwa kwenye lami, moja, kisha jingine mbele kidogo, punguza mwendo papo hapo. Mbele kuna lori limeharibika, pengine katikati ya barabara, pengine halina taa hata moja. Sheria inataka vibao vya pembetatu vinavyoakisi mwanga, na gari lako liwe navyo viwili, lakini usiku wa Kiboko tawi la mgunga ndilo utakalolikuta. Na lori hilo likishaondoka, mara nyingi matawi huachwa. Usiyadharau kwa kuwa uliyakuta bure mara moja.

Jua nalo lina ratiba yake. Anayetoka Nairobi asubuhi anaelekea kusini-mashariki, na kati ya saa 1 na saa 2 jua linampiga machoni. Anayetoka Mombasa mchana hulipata jioni, linapozama mbele yake, wakati ambao ng'ombe na mbuzi wanarudishwa nyumbani wakivuka barabara. Safisha kioo cha mbele kwa ndani na kwa nje kabla ya kuondoka, kwa sababu vumbi jembamba lisiloonekana kivulini hugeuka ukuta mweupe jua likilimulika. Magurudumu vilevile. Pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, kwa kuwa lami ya moto huongeza shinikizo la hewa ndani. Gurudumu lililochakaa au lenye upepo mdogo hujikunja, hupata moto na kupasuka hasa maeneo ya Kibwezi hadi Voi, ambako barabara imenyooka na watu wanakimbia. Usisahau gurudumu la akiba. Watu wengi huligundua kuwa halina upepo siku wanayolihitaji.

Sasa nizungumzie mvua, maana Ukambani hakuna msamaha kwa hilo. Wageni hudhani eneo kavu halina mafuriko. Ukweli ni kwamba mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Kwa miezi mingi utaona mchanga tu, watu wamechimba visima ndani yake na punda wanasubiri kubebeshwa madumu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, saa chache baadaye ukuta wa maji huteremka hata mahali ambapo hakuna tone lililonyesha. Barabara nyingi ndogo huivuka mito hiyo kwa vivuko vya saruji vilivyo chini, ambavyo watu huviita drifti. Maji yakipita juu ya drifti huwezi kujua kina chake, wala kama saruji bado ipo.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamefunika daraja. Watu waliosimama kando waliona likiyumba na kulala. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua kuu ya Ukambani, ile ambayo mkulima huitegemea zaidi kuliko ya Machi hadi Mei, na ndiyo inayoangukia msimu wa harusi, mazishi na Krismasi. Kwa hiyo yeyote anayepanga kupita hapa mwezi wa Novemba au Desemba aongeze siku moja nzima kwenye ratiba yake, siku isiyo na kazi. Ukikuta mto umejaa, unasubiri. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache. Kama hayakupungua, unarudi mji uliopita na kulala. Ile siku ya ziada ndiyo inayokupa ujasiri wa kusubiri, kwa sababu mtu anayeambiwa harusi inaanza saa 5 ndiye anayeingia mtoni.

Barabara mpya ya Kibwezi hadi Kitui ina madaraja ya juu na afadhali yake ni kubwa. Urefu wake hadi Kitui mjini ni karibu kilomita 140. Baada ya Mto Athi unaukuta uwanda wa Yatta, mwamba wa lava iliyopoa uliotanda kwa karibu kilomita 290 kandokando ya mto, miongoni mwa mirefu zaidi ya aina yake duniani. Ukiufikia asubuhi, hewa ikiwa safi, simama salama kando na uutazame. Mbele ni nchi ya mibuyu na migunga, mbuzi wengi, watu wachache na lami nyeusi iliyonyooka. Uchache huo wa magari ndio mtego. Mtu aliyetoka kubanana na matrela hukanyaga mafuta kana kwamba barabara ni yake peke yake. Punda hasikii honi. Watoto wa shule hutembea kwenye ukingo wa lami kwa sababu hawana njia nyingine. Upande wa Ikutha uko karibu na Tsavo Mashariki, na ndovu huingia mashambani kutafuta maji na chakula. Njia hii ni ya mchana. Ukifika Kibwezi na jua limeinama, lala Kibwezi.

Jaza tangi Kibwezi hata kama mshale uko nusu. Vituo vya mafuta viko Mutomo na kwingineko njiani, lakini si busara kutegemea kituo kimoja kinachoweza kukosa mafuta siku yako. Weka pesa taslimu kidogo pamoja na M-Pesa, maana kuna sehemu ambazo mawimbi ya simu hupotea na muuza maembe hawezi kukungoja yarudi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka. Andika kwenye karatasi hospitali zilizo njiani: Makindu, ambayo hupokea majeruhi wengi wa barabara kuu, Kibwezi, hospitali ya misheni ya Mutomo, na hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitui. Nambari za dharura ni 999 na 112. Karatasi haiishiwi chaji.

Kuhusu pesa ya mafuta, hesabu ni rahisi na watu huikwepa. Chukua kilomita zote za safari, gawa kwa kilomita ambazo gari lako huenda kwa lita moja, kisha ongeza asilimia 20 kwa ajili ya kiyoyozi, milima na kupotea njia. Safari ya kilomita 1,300 kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita inahitaji lita 108 hivi, na ukiongeza unafika lita 130. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya kila mwezi, nazo huanza kutumika tarehe 15. Bei ya Mombasa huwa ya chini kuliko ya bara kwa sababu gharama ya kusafirisha bado haijaongezwa. Anayeanzia Pwani ajaze tangi huko huko.

Dereva naye ana kiwango chake. Kanuni za uchukuzi wa umma hapa Kenya zinasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Gari la kibinafsi halisimamishwi na mtu kuulizwa saa zake, lakini mwili wa dereva ni ule ule. Safari ya Mombasa hadi Moyale ningeigawa kwa siku nne: Mombasa hadi Kitui, Kitui hadi Isiolo, Isiolo hadi Marsabit, Marsabit hadi Moyale. Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo toka Mombasa saa 11 alfajiri, kunywa chai Voi, kula chakula cha mchana Kibwezi na uingie Kitui jua likingali juu. Wawe madereva wawili wenye leseni halali, na asiye kwenye usukani alale usingizi wa kweli, asikae kusimulia hadithi.

Kitui si mahali pa kulala na kuondoka alfajiri kwa haraka. Kama una asubuhi moja ya ziada, nenda Nzambani, jabali kubwa lisilo mbali na mji, ambalo simulizi ya wenyeji inasema anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Kuna ngazi za kupandia, na ukiwa juu unaona nchi pana kuelekea mashariki. Kitui ndiko kwenye asali inayosifiwa kote nchini, na ndengu zake, zile ndogo za kijani ambazo Waswahili wa Pwani huziita pojo, hununuliwa hapa kwa bei ya mkulima. Agiza muthokoi kwenye mkahawa wa kawaida: mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au kunde. Ni chakula cha msafiri hasa, kinashibisha na hakimletei dereva usingizi kama ugali mkubwa na nyama.

Wanaoelekea Nairobi kutoka Kitui wanaweza kupita Kwa Vonza, kilipo chuo kikuu cha SEKU, wavuke Athi na kufika Wamunyu, kaunti ya Machakos. Hapo ndipo uchongaji wa vinyago vya Wakamba ulipoanza, baada ya Mutisya Munge kujifunza kazi hiyo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wachongaji wangali wakikaa chini ya miti. Nunua kwao moja kwa moja. Na upande wa Makueni, msimu wa maembe na wa machungwa ukifika, simama kwa mama aliyekaa kando ya barabara na ndoo zake, lakini toa gari nje kabisa ya lami kwanza. Watu wamegongwa wakinunua maembe ya shilingi hamsini.

Asiye na gari asidhani safari hii si yake. Tangu 2017 treni ya SGR ya kaunti kwa kaunti husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na kutoka hapo zipo matatu za kwenda Wote, Mutomo au Kitui. Mzee asiyeweza kukaa garini saa 8 anaweza kuletwa kwa treni hadi Kibwezi, jamaa wakamchukua hapo.

Lipo jambo moja ambalo msafiri hawezi kujipangia mwenyewe. Kumekuwa na mazungumzo ya miaka mingi kuhusu barabara ya kulipia, pana na ya kasi, kutoka Nairobi hadi Mombasa, na mpango unaoitwa Usahihi umetajwa mara nyingi. Ikijengwa, vizuri. Lakini leo, kati ya Kibwezi na Kitui, ukitaka choo ni lazima umwombe mwenye hoteli au uingie kichakani, na mwanamke anayesafiri na watoto anajua aibu na hatari ya jambo hilo. Dereva wa lori anayetaka kulala saa mbili hana mahali palipotengwa, kwa hiyo ama anaegesha ukingoni mwa lami ama anaendelea huku anasinzia. Lami ya kilomita 192 imejengwa kwa mabilioni ya pesa za umma. Uwanja wa kuegesha, vyoo safi, tangi la maji na kivuli Ikutha na Mutomo vingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na akina mama wa hapo wangepata soko la uhakika la maembe, ndengu na asali. Serikali za kaunti za Makueni na Kitui zikae meza moja na mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, na vituo hivyo vijengwe kabla ya barabara hii kuzoea kuua.